Mpako wa Kipandikizi Hadi Ndani ya Sumaku ya NMR: Mwongozo Kamili wa Kuanzia Mombasa

Binti mmoja alinijia maabarani saa nne asubuhi, mkoba begani, jasho la foleni ya feri ya Likoni bado halijamkauka. Akafungua karatasi ya tishu. Ndani mlikuwa na kipande cha titani ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, juu cheupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Ami, sampuli yangu ndiyo hii. Nataka iingie kwenye NMR."

"Hiyo haiingii, mwanangu."

Alinitazama kama niliyemwambia feri imezama. NMR ni mashine yenye sumaku kubwa inayosikiliza viini vya atomi kwa mawimbi ya redio. Miezi minne ya kazi, vipande vitatu, na hakuna aliyemweleza kwamba chuma hakizungushwi ndani ya sumaku kubwa. Ukikizungusha, mikondo ya umeme huzaliwa ndani yake, kinapata moto, na sumaku yenyewe inakishika breki. Juu ya hayo, mawimbi ya redio ambayo mashine hutumia kusikiliza hayapenyi chuma. Kinachoingia ni unga wa mpako, yaani ule weupe wa juu, uliokwanguliwa. Nikamuuliza unga wake una miligramu ngapi. Hakuwa amepima.

Kwa hiyo mwongozo huu nauanzia mwisho, kwenye mashine, kisha narudi nyuma hadi kwenye msasa. Ukiufuata kwa mpangilio huo hutapoteza miezi minne.

Tunatafuta nini hasa

Hapa pwani kila mtaa una mtu aliyewekewa vyuma mguuni baada ya ajali ya bodaboda. Vyuma hivyo ndivyo vipandikizi, navyo ni vya chuma cha pua au vya titani. Titani ilipata heshima yake Uswidi: mwaka 1952 daktari Per-Ingvar Brånemark aliona vifaa vya titani alivyoviweka kwenye mifupa ya sungura vimegandamana na mfupa hata haviwezi kutolewa, na mwaka 1965 akamwekea binadamu wa kwanza meno yaliyoshikiliwa na skrubu za titani. Titani pia haina ugumu uliopitiliza. Ukakamavu wake ni gigapaskali 110 hivi, chuma cha pua ni karibu 200, na mfupa mgumu ni kati ya 10 na 30. Chuma kikiwa kikakamavu mno hubeba mzigo wote peke yake, mfupa ukakaa bure ukadhoofika.

Mpako unakuja kuharakisha undugu baina ya chuma na mfupa. Unaotumika zaidi ni haidroksiapatiti, ambayo nitaiita apatiti tu: fosfeti ya kalsiamu, atomi 10 za kalsiamu kwa 6 za fosforasi, uwiano wa 1.67. Madini ya mfupa ni jamaa yake wa karibu, ila ya mfupa yamechanganyika na kaboneti na hayakupangika vizuri.

Swali la utafiti ni hili: ule weupe ulioota juu ya titani yako ni apatiti kweli, na imepangika kiasi gani? Wengi hukimbilia eksirei ya fuwele, nami siwakatazi. Lakini eksirei huona vizuri kilichojipanga safu kwa safu. Sehemu iliyovurugika huipita kama ukungu, na kwenye mpako sehemu hiyo ndiyo huyeyuka mwanzo mwilini. NMR huhesabu kila atomi ya fosforasi, iliyojipanga na isiyojipanga.

NMR kwa mfano wa pia

Mtoto aliyecheza pia anajua: pia ikianza kuchoka, kichwa chake huzunguka polepole huku yenyewe bado inazunguka kwa kasi. Kiini cha fosforasi ndani ya sumaku hufanya vivyo hivyo, na kasi ya kuzunguka kwa kichwa hutegemea nguvu ya sumaku. Kwenye sumaku ya tesla 9.4, haidrojeni huzunguka mara milioni 400 kwa sekunde na fosforasi milioni 162. Majirani wa atomi huibadilisha kasi hiyo kidogo sana, sehemu chache kwa milioni, na ndiyo sababu mstari wa chini wa spektra, ule mchoro wa vilele ambao mashine hutoa, huandikwa ppm.

Mbona tunaiuliza fosforasi na si kalsiamu? Fosforasi yote iliyoko duniani kwa asili ni ya aina moja, 31, nayo inasikika. Kalsiamu inayosikika ni ya aina ya 43, na hiyo ni asilimia 0.135 tu ya kalsiamu yote. Kuitafuta ni kutafuta sindano iliyodondoka kwenye mchanga wa Nyali.

Kitu kigumu kina shida yake: atomi hazichezi kama zilizo ndani ya maji, hivyo vilele vya spektra hutanuka na kufunikana. Dawa ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Unaujaza unga kwenye kichupa cha zirkonia kiitwacho rota, unakilaza kwenye pembe ya nyuzi 54.74 dhidi ya sumaku, kisha unakizungusha mara maelfu kwa sekunde. Vilele vinasinyaa na kutengana. Hiyo ndiyo pembe ya ajabu, na jina imelistahili.

Hatua ya kwanza: hesabu miligramu kabla ya kununua chochote

Mpigie simu au mwandikie fundi wa mashine utakayotumia umuulize jambo moja: rota yenu ni ya milimita ngapi? Rota ya milimita 4 hula miligramu 70 hadi 100 za unga wa namna hii, ingawa inaweza kujazwa nusu kwa kuweka kizibo. Ya milimita 2.5 huridhika na 10 hivi.

Sasa chukua kipande cha titani cha milimita 10 kwa 10, unene milimita 1. Eneo lake lote, pande na kingo, ni milimita za mraba 240. Tuseme mpako umefika unene wa mikroni 5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 0.0012. Apatiti imara ina gramu 3.16 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo una miligramu 3.8. Lakini mpako wako una vitundu kama sponji, na ukikwangua nyingine inaruka. Ukipata 2, shukuru.

Vipande vitatu vya yule binti vilikuwa na miligramu 6 kwa kubahatisha vyema. Kwa rota ya milimita 2.5 unahitaji vipande visivyopungua 8, nami husema 12, kwa sababu viwili utaviharibu na viwili lazima vibaki vizima kwa ajili ya darubini ya elektroni.

Mpako wa kunyunyiziwa kwa plazma, yaani gesi yenye moto mkali mno, ule wa viwandani, haukupi taabu hii. Una unene wa mikroni 50 hadi 200, na kipande kimoja kinatosha. Tatizo lake ni jingine: moto wa plazma huivunja apatiti, ukapata fosfeti za aina nyingine, chokaa hai, na sehemu isiyojipanga kabisa. Mtu akikuletea kipande cha namna hiyo, mpokee kwa mikono miwili, NMR ndiyo mahali pake. Kwa anayeanza na bajeti ndogo, ninachopendekeza ni mpako unaoota wenyewe majini.

Hatua ya pili: kusafisha uso wa titani

Piga msasa wa silikoni kabaidi kwa maji: namba 400, kisha 800, kisha 1200. Kila ukibadilisha namba, geuza kipande robo duara, ili ujue mikwaruzo ya msasa uliopita imekwisha. Kisha kwenye beseni la mawimbi ya sauti: asetoni dakika 15, ethanoli dakika 15, maji yaliyokenekwa dakika 15. Kuanzia hapo usikiguse kwa kidole. Tumia kibanio cha plastiki.

Kuhusu maji, sikiliza. Maji ya visima vya kisiwani ni ya chumvi, hilo kila mtu analijua. Wapo wanaokwenda kununua maji ya betri gereji. Yatafaa betri. Hapa tunatengeneza kimiminika chenye fosfeti milimoli 1 tu kwa lita, kwa hiyo uchafu mdogo ni mwingi. Tumia maji yaliyokenekwa na kuondolewa ayoni, kutoka chombo unachokiamini.

Hatua ya tatu: kuiandaa titani kwa alkali na moto

Njia hii ilitoka kwa kundi la Tadashi Kokubo kule Japani, katikati ya miaka ya 1990. Unakiloweka kipande kwenye sodiamu haidroksaidi ya moli 5, mililita 5 kwa kila kipande, nyuzi joto 60, saa 24. Uso wa titani unageuka jeli nyembamba ya sodiamu na titani. Kioshe taratibu kwa maji, kikaushe kwa nyuzi 40 siku moja, kisha tanuri: panda nyuzi 5 kila dakika hadi 600, kaa saa moja, uzime na ukiache kipoe humo humo. Ukifungua mlango wa tanuri kwa haraka, utando hupasuka.

Chombo cha kulowekea kwenye alkali kiwe cha plastiki inayostahimili joto, si kioo. Alkali kali hula kioo.

Moli 5 ni gramu 200 kwa lita. Imeandikwa hivyo kila mahali, lakini aliyeandika hakuwa Mombasa mwezi wa Mei. Vidonge vya sodiamu haidroksaidi hapa hutoka jasho mbele ya macho yako. Unaweka kidonge cha kwanza kwenye mizani, kinang'aa kama ubani. Ukiweka cha tano, cha kwanza kimeshalowa. Ukifika cha kumi, namba ya mizani inapanda yenyewe bila wewe kuongeza kitu. Ni unyevu wa hewani unaoupima sasa. Pima kwa mafungu madogo kwenye chupa yenye kifuniko, funga, soma namba, endelea. Na zima feni. Nimeona mtu akilalamika kwamba mizani imeharibika, kumbe feni ya darini inaipulizia.

Vaa miwani na glovu. Unapoyeyusha, tia vidonge kwenye maji kidogo kidogo, kwa sababu maji yatachemka. Alkali ikiingia jichoni hungojei kuona kama itauma. Unasafisha kwa maji mengi na kwenda hospitali.

Hatua ya nne: kutengeneza maji ya mwili

Kimiminika hiki kinaigiza chumvi zilizomo kwenye maji ya damu. Kwa lita moja, tia mililita 700 za maji kwenye bika ya plastiki, yapashe hadi nyuzi 36.5, kisha yeyusha kimoja baada ya kingine kwa mpangilio huu. Usitie kinachofuata kabla kilichotangulia hakijayeyuka.

- Sodiamu kloraidi, gramu 8.035
- Sodiamu haidrojeni kaboneti, gramu 0.355
- Potasiamu kloraidi, gramu 0.225
- Dipotasiamu haidrojeni fosfeti yenye maji matatu, gramu 0.231
- Magnesiamu kloraidi yenye maji sita, gramu 0.311
- Asidi ya haidrokloriki ya moli 1, mililita 39
- Kalsiamu kloraidi, gramu 0.292
- Sodiamu salfeti, gramu 0.072
- Trisi, gramu 6.118
- Asidi hiyo hiyo, tone kwa tone, kurekebisha

Asidi inatangulia kalsiamu kwa sababu maalumu. Kalsiamu ikikutana na fosfeti pasipo asidi, zinashikana hapo hapo na kuzama. Kalsiamu kloraidi nayo hunywa unyevu kama sodiamu haidroksaidi, kwa hiyo ipime kwa haraka.

Trisi, kemikali inayoishikilia pH (kipimo cha uasidi) isiyumbe, ndiyo mtihani. Kabla yake ongeza maji hadi mililita 900. Itie kidogo kidogo huku ukitazama kipima pH, na usiruhusu ipite 7.45. Ikifika hapo, dondosha asidi irudi 7.42 hivi, tia Trisi tena, nenda hivyo hadi iishe. Unamaliza kwa 7.40, nyuzi 36.5, kisha unajaza hadi lita moja.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni joto. pH ya Trisi hushuka karibu 0.03 kwa kila nyuzi inayopanda. Kimiminika kilichofika 7.40 kwenye nyuzi 36.5 kitasoma takriban 7.64 kwenye joto la chumba la nyuzi 28. Mwanafunzi anapima asubuhi baada ya kimiminika kupoa, anashtuka, anatia asidi. Ameshakiharibu. Wa pili ni ule mchanganyiko wa pH 7 wa kusawazishia kipima: mara nyingi umetengenezwa kwa fosfeti. Usipoiosha elektrodi sawasawa, unaongeza fosfeti usiyoijua.

Kimiminika kizuri ni kiangavu kama maji ya kunywa. Kikiwa na ukungu hata kidogo, mwaga, anza upya. Usikichuje ukajidanganya. Weka mililita 50 kando kwenye nyuzi 36.5 kwa siku mbili tatu, uone kama kitabaki bila ukungu. Kilichobaki kihifadhi kwenye friji, nyuzi 5 hadi 10, si zaidi ya siku 30.

Hatua ya tano: kuloweka

Kanuni ya kiasi: gawa eneo la kipande, kwa milimita za mraba, kwa 10; jibu ndilo mililita. Kipande chetu cha 240 kinataka mililita 24. Kitundike kisimame, au kilaze juu ya kitu ili uso unaoujali utazame chini. Uso unaotazama juu huokota kila kilichozama, na kilichozama si mpako.

Fanya hesabu nyingine ambayo watu wengi huiruka. Mililita 24 zina fosfeti milimoli 0.024. Hata yote ingegeuka apatiti mpaka tone la mwisho, unapata miligramu 4. Na haigeuki yote. Kwa hiyo kimiminika kibadilishwe kila siku mbili kwa wiki mbili. Ukikiacha kile kile siku 14 ukitumaini mpako mnene, unakisubiri kilichokwisha.

Weka na kipande ambacho hakikupitia alkali, kwenye chupa yake. Hicho ni shahidi wako. Kikiota weupe sawa na vingine, kimiminika chako kinadondosha unga chenyewe na mpako wako si mpako.

Chupa ziwe za plastiki isiyo na mikwaruzo. Nilipoanza niliona plastiki ni ubahili, nikatumia bika safi za kioo. Siku ya tatu kuta za bika zilikuwa nyeupe kuliko titani: apatiti imependelea mikwaruzo ya kioo. Umeme ukikatika usihamaki sana. Chumba chetu kiko karibu na nyuzi 30 kwa kawaida, kwa hiyo kabati la joto halianguki mbali. Mwenzetu wa Limuru, kwenye baridi, ndiye wa kuhurumiwa. Andika tu saa ulipokatika na uliporudi.

Hatua ya sita: kukwangua

Toa kipande, kichovye maji mara mbili, kichovye ethanoli, kikauke kwenye desiketa, chombo cha kukaushia kisichopitisha unyevu, saa 24. Usikitie kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa haraka ya kukausha. Apatiti changa isiyojipanga hubadilika kwa joto, na hubadilika pia kwa unyevu. Ukiiacha mezani wakati wa kusi, dirisha wazi, unachopima wiki ijayo si ulichokitengeneza. Desiketa ikikosekana, tumia mtungi wa plastiki wenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ukivikausha kwanza.

Kukwangua tumia makali ya plastiki ngumu au seramiki. Si wembe. Chembe ya chuma kwenye unga hutanua vilele hadi visisomeke. Ujanja mzuri zaidi ni kuanza na titani nyembamba ya milimita 0.1. Unaikunja taratibu juu ya karatasi safi, mpako unapasuka na kudondoka kama magamba ya changu. Tazama unga kwa kioo cha kukuzia chini ya taa. Chochote kinachometameta ni titani, kitoe kwa kibanio.

Saga polepole kwenye kinu cha akiki. Pima. Andika namba hiyo kwenye daftari kwa wino.

Ukiwa hujawahi kujaza rota, usijifunzie kwenye mpako wako. Nenda soko la samaki, omba mifupa ya jodari. Ichemshe, isugue isibaki nyama, ianike, uichome kwenye tanuri nyuzi 900 saa chache. Utapata unga mweupe wa apatiti, bure. Majirani watalalamika harufu, na wana haki. Usiutumie unga huu kama kipimo cha kulinganishia, maana una magnesiamu na sodiamu zake, na mifupa mingine hutoa fosfeti ya aina ya pili. Ni wa kuzoeza mikono.

Hatua ya saba: safari

Mashine ya kuzungusha vitu vigumu haiko kila chuo, kwa hiyo uwe tayari sampuli kusafiri. Funga unga kwenye kichupa cha plastiki chenye skrubu, kichupa ndani ya mfuko wa kubana wenye silika, mfuko ndani ya boksi. Kisha andika juu, kwa herufi kubwa: jina la kemikali, uzito, kwamba si sumu wala haiambukizi, na namba ya simu ya maabara. Tia na barua yenye mhuri. Poda nyeupe kwenye kichupa kisicho na maandishi, katika mji wa bandari, itakupatia marafiki usiowataka.

Hatua ya nane: unachomwambia fundi wa mashine

Hapa wanafunzi wengi huandika "naomba NMR ya fosforasi" na kukaa kimya. Fundi naye atapiga vipimo vya kawaida, na utapata spektra nzuri isiyo ya kweli. Andika hivi.

Rota izungushwe mara elfu 10 kwa sekunde, pembe iwe imesawazishwa kwanza kwa potasiamu bromaidi. Sufuri ya ppm iwe asidi ya fosforiki ya asilimia 85. Kwa kukagua, apatiti safi iangukie karibu na 2.8. Haidrojeni inyamazishwe wakati wa kusikiliza.

Kisha jambo kubwa: muda wa kutulia. Baada ya kupigwa wimbi la redio, fosforasi ya kitu kigumu hurudi mahali pake polepole mno, makumi ya sekunde na wakati mwingine zaidi. Ukiipiga tena kabla haijarudi, sehemu iliyojipanga vizuri, ambayo ndiyo mvivu zaidi, inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na sehemu iliyovurugika inaonekana kubwa. Mwombe apime muda huo kwanza: anaizima sauti yote, anasubiri sekunde kadhaa, anasikiliza, anarudia kwa subira ndefu zaidi. Muda ukiwa sekunde 60, subira kati ya pigo na pigo iwe mara tano yake, sekunde 300. Mapigo 64 yatachukua saa 5 na dakika 20. Ukitaka kelele ipungue nusu dhidi ya ishara, unahitaji mapigo mara nne, yaani siku nzima kasoro kidogo. Ndiyo sababu miligramu ni mali.

Kipimo cha pili ni cha mkopo. Haidrojeni inaikopesha fosforasi usumaku wake kwa milisekunde 1 au 2. Fosforasi iliyo karibu na haidrojeni, yaani ya juu ya chembe na ya maeneo yenye maji, hupata mkopo upesi na kupaza sauti. Usihesabu kiasi kwa kipimo hiki. Kilinganishe na cha kwanza tu, uone ni nini kimekua.

Wenye nia wanaweza kuuliza pia kuhusu haidrojeni yenyewe: ile ya ndani ya apatiti hutokea karibu na sufuri ya ppm, ya maji karibu na 5.

Kusoma kilichorudi

Kilele kimoja chembamba kwenye 2.8 ni apatiti iliyojipanga. Kilele kwenye eneo hilo hilo lakini kipana, chenye mabega, ni apatiti changa, inayofanana na ya mfupa. Kipimo cha mkopo kikiyakuza mabega hayo, ujue kuna fosfeti zenye haidrojeni juu ya chembe. Kilima kipana kisicho na ncha ni fosfeti isiyojipanga. Vilele vitatu, karibu na 3.3, 2.0 na chini kidogo ya sufuri, humaanisha oktakalsiamu fosfeti, ambayo mara nyingi hutangulia apatiti.

Programu itakushawishi uchore vilele vitano chini ya kimoja. Mistari itapendeza. Usikubali kilele usichoweza kukitaja kwa jina la kemikali.

EPR, ndugu wa pembeni

EPR husikiliza elektroni zisizo na mwenzi, na ilianza kwa mwanafizikia wa Kisovieti, Yevgeny Zavoisky, mjini Kazan, 1944. Mashine zake za kawaida hutumia tesla 0.34 hivi na gigahezi 9.5. Kwa mpako inafaa pale kipandikizi kimesafishwa vijidudu kwa mionzi ya gama, ambayo kwa kawaida ni kilogrei 25. Mionzi huacha mabaki ya kaboneti yenye elektroni pweke ndani ya apatiti, na hukaa humo muda mrefu sana. Meno ya watu waliopigwa na mionzi husomwa kwa njia hiyo hiyo. Unga uliokwangua kwa NMR, kwa kuwa NMR haiuharibu, unaweza kwenda huko baadaye.

Na kwa wanaoniuliza kila mara: mgonjwa mwenye titani kuingia MRI, mashine ya hospitali ya kupiga picha kwa sumaku, si sawa na titani kuzungushwa kwenye NMR. Titani haivutwi na sumaku kama chuma cha kawaida, ingawa huacha kivuli kwenye picha. Aende na kadi ya kipandikizi chake, amwonyeshe mtaalamu wa picha, yeye ndiye wa kuamua.

Yule binti alirudi na vipande 12. Spektra ya kwanza ilikuja na kilima kipana na ncha ndogo, akaniambia mpako wake umeharibika. Nikamwomba ukurasa wa vipimo. Subira: sekunde 5. Tuliandika upya ombi, tukaomba 300. Ilirudi baada ya wiki mbili, ncha ya 2.8 imesimama juu ya kilima kama mnara wa msikiti juu ya mapaa ya Mji wa Kale. Alikuwa bado na miligramu 4 za akiba kwenye desiketa. Nilimwambia azifungie.